GeoGebra, Kolibri na lahajedwali: kipi kinafaa hesabu za Kidato cha Kwanza na cha Pili Mwanza

Mwalimu wa hesabu hana muda wa kuzungushwa, kwa hiyo hukumu inatangulia. Shule yenye kompyuta mpakato moja na projekta iweke GeoGebra Classic 5, programu ya kuchora jiometria na grafu. Shule yenye chumba cha kompyuta chenye mashine kumi au zaidi iongeze LibreOffice Calc, programu ya lahajedwali, kabla ya kufikiria kingine. Kolibri, maktaba ya video na mazoezi, ije ya tatu, tena pale tu ambapo yupo mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mlezi wake. Ikiachwa iwe "ya wote", haifiki likizo ya Juni.

Zote tatu ni bure kwa matumizi ya shule, na zikishasakinishwa hazili bando. Hilo peke yake linaziweka mbele ya nyingi zinazonadiwa kwa walimu. Tathmini hii inahusu Kidato cha Kwanza na cha Pili, na kwa kiasi darasa la saba, katika mazingira ya Nyamagana, Ilemela na wilaya za kandokando ya ziwa: wanafunzi sitini hadi themanini kwenye chumba kimoja, kipindi cha dakika 40, umeme usiotabirika, na simu za wanafunzi ambazo haziruhusiwi kuvuka geti la shule.

Kipimo

Viwango vya teknolojia kwa wanafunzi vinavyotajwa sana ni vya ISTE, shirika la Marekani. Vya kwanza vilitoka mwaka 1998, vikarekebishwa 2007 na tena 2016, na sasa vina vipengele saba, kuanzia mwanafunzi anayeongoza ujifunzaji wake hadi yule anayewasilisha mawazo na kushirikiana na wengine. Kwa upande wa walimu, UNESCO ina mfumo wake wa umahiri wa TEHAMA. Toleo la tatu, la mwaka 2018, lina umahiri 18 uliopangwa katika nyanja sita na ngazi tatu. Mtaala wetu ulioboreshwa nao umejengwa juu ya umahiri, kwa hiyo mwalimu anayeandika andalio la somo hana vitabu vitatu vinavyogombana. Vyote vinauliza mhusika, awe mwanafunzi au mwalimu, anaweza kufanya nini.

Tatizo huanzia kwenye andalio lenyewe. Teknolojia huishia kwenye mstari wa zana: "projekta, kompyuta". Projekta inayoonyesha swali lilelile lililo kwenye kitabu ni ubao wa bei mbaya, basi. Kiwango hutimia pale andalio linapotaja tendo: mwanafunzi atabashiri, atabadilisha kitu kimoja, ataona kipi kimebaki vilevile, ataeleza kwa nini. Ndiyo maana kila programu hapa imepimwa kwa swali moja tu: inampa mwanafunzi tendo gani la kihesabu ambalo chaki na rula visingempa?

GeoGebra

Hii ndiyo inayojibu swali hilo vizuri kuliko zote. Ilianzishwa na Markus Hohenwarter huko Salzburg, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na siku hizi iko katika sura nyingi: za simu, ya kivinjari, Classic 6 na Classic 5. Kwa kompyuta za shule chukua Classic 5. Sura yake ni ya kizamani, lakini haizielemei mashine kuukuu, huhifadhi faili kwenye kompyuta au flashi bila kudai akaunti, na ina toleo la kubebeka linalofunguka moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Hilo la mwisho huokoa pale nenosiri la msimamizi wa kompyuta lilipoondoka na mwalimu aliyehamishwa.

Menyu za Kiingereza si kikwazo sekondari, kwa sababu mwanafunzi anakutana na maneno yaleyale ya kitabu chake. Kwa darasa la saba la shule inayofundisha kwa Kiswahili, andika maana za vitufe sita vya mwanzo kwenye karatasi ya manila, ibandike ukutani.

Chukua jumla ya pembe za pembetatu, mada ambayo kila mwalimu ameifundisha kwa kuchana karatasi na kupanga kona tatu juu ya mstari. Kwenye GeoGebra hatua ni hizi. Chagua kitufe cha poligoni, bofya A, B, C, kisha bofya A tena. Wengi husahau kurudi A, wakabaki na umbo lisilofungika. Chagua kitufe cha pembe, bofya katikati ya pembetatu, na pembe zote tatu zitatokea kwa pamoja. Kwenye kisanduku cha kuandikia weka α + β + γ, ukitumia jedwali la herufi lililo pembeni ya kisanduku. Sasa buruta C popote. Pembe zinabadilika, jumla haitikisiki.

Hapo ndipo matatizo mawili hujitokeza, na yote mawili yana faida kwa mwalimu aliyejiandaa. La kwanza: pembe zinaonekana 300° badala ya 60°. GeoGebra hupima pembe kinyume na mwelekeo wa saa. Mwanafunzi aliyebofya nukta zake kufuata saa anapimiwa pembe kubwa iliyo upande wa nje wa kona. Dawa ni kuziweka nukta kinyume na saa tangu mwanzo, au kufungua sifa za pembe na kuchagua kipimo kiwe kati ya 0° na 180°. La pili ni la hila zaidi. Programu huonyesha desimali mbili. Pembe za 45.004, 60.004 na 74.992 zitaandikwa 45, 60 na 74.99, na mwanafunzi anayejumlisha kwa kichwa atapata 179.99. Atasema sheria imevunjika. Usikimbilie kumsahihisha. Mwulize kwa nini kisanduku cha jumla bado kinasema 180. Makadirio ni mada ya Kidato cha Kwanza, na hapa yamekuja yenyewe. Baada ya hapo ongeza idadi ya desimali kwenye mipangilio ya ukadiriaji, aone tarakimu zilizokuwa zimefichwa.

Somo hilo halijaisha mpaka liulizwe swali ambalo kuburuta hakuwezi kulijibu: je, ipo pembetatu yenye pembe mraba mbili? Watajaribu, watashindwa, watasema hakuna. Kushindwa kuipata si uthibitisho. Chora mstari unaopita C ukiwa sambamba na AB, rudisha kompyuta pembeni, na uthibitisho uandikwe kwenye daftari. Mwalimu anayeishia kwenye kuburuta ameonyesha jambo na hajalifundisha. Lawama hii humwangukia mtumiaji, lakini programu nayo ina sehemu yake, kwa sababu inashawishi mno.

Mada ya mlinganyo wa mstari ndiyo nyingine inayofaidi. Tuseme bodaboda mmoja wa Buzuruga anatoza shilingi 1,000 ya kuanzia na 500 kwa kila kilomita. Mwanafunzi anaandika y = 500x + 1000 na kupata mstari wima unaokata mhimili kwenye −2. Darasa zima linaona programu imeharibika. Kumbe dirisha la kawaida lina kipimo karibu sawa kwenye mihimili yote, kuanzia kama −10 hadi 10, na ndani ya kipande hicho x inacheza kati ya −2.02 na −1.98 tu. Suluhisho la haraka ni kuandika kwa maelfu: y = 0.5x + 1. Suluhisho zuri zaidi ni kumwacha mwanafunzi abadilishe kipimo cha mhimili wa y mwenyewe, kwa sababu kuchagua kipimo cha grafu ndicho kitu kinachowaangusha wengi hata kwenye karatasi ya mraba.

Ongeza bodaboda wa pili, 1,500 ya kuanzia na 400 kwa kilomita: y = 0.4x + 1.5. Mistari inakutana kwenye (5, 3.5). Chini ya kilomita tano mpande wa kwanza, zaidi ya hapo wa pili, na nauli pale zinapolingana ni 3,500. Halafu andika y = m x + c, ukiacha nafasi au ukiweka nyota kati ya m na x, maana bila hiyo baadhi ya matoleo huisoma mx kama jina moja. Programu itaomba ruhusa ya kutengeneza vitelezi viwili, vyenye kawaida ya kutoka −5 hadi 5 kwa hatua za 0.1. Mpe mwanafunzi kazi: sogeza c peke yake, sema mstari umefanya nini, sogeza m peke yake, sema ni nukta gani haikuhama. Jibu la swali la pili, yaani pale mstari unapokata mhimili wa y, lina thamani kuliko kukariri kwamba m ni mteremko. Na mstari ukiendelea kushoto mwa sifuri, kuna mwanafunzi atauliza bodaboda gani anasafiri kilomita −3. Andika If(x >= 0, 0.5x + 1) na mstari utaanzia unapostahili.

Kidato cha Pili, kwenye ukuzaji wa maumbo, tumia meli ya MV Mwanza. Meli ina urefu wa mita 92.6 na upana wa mita 17. Chukua kizio kimoja kuwa mita 10, chora mstatili wa 9.26 kwa 1.7, tengeneza kitelezi k, kisha tumia kitufe cha kukuza kutoka nukta moja. Dirisha la aljebra litaandika eneo la mstatili wa kwanza kuwa 15.74. Kabla ya kusogeza k kwenye 2, kila mwanafunzi aandike eneo jipya analolitegemea. Wengi wataandika 31.48. Kioo kitasema 62.97. Mshangao huo, baada ya ubashiri ulioandikwa kwa kalamu, hauwezi kupatikana kwenye ubao wa chaki bila dakika kumi za kuchora. Kwa wanaowahi kumaliza, wasogeze k chini ya sifuri waone meli imegeukia wapi.

Kasoro zake tuziseme bila kupakapaka. Ukivuta mhimili mmoja tu, duara huwa yai na mistari iliyo perpendikula huonekana imelala. Rudisha uwiano wa mihimili kuwa 1 : 1 kabla ya somo lolote la jiometria. Nukta iliyozaliwa na makutano ya mistari haiburutwi, na mwanafunzi asiyejua hilo hudhani kipanya kimekufa; nukta huru huwa na rangi ya bluu, tegemezi huwa nyeusi au kijivu. Kufuta A hufuta kila kilichojengwa juu ya A, kwa hiyo wafundishwe kitufe cha kurudi nyuma kabla ya kitufe kingine chochote. Na kwa mazoezi ya kujirudia, kama sehemu, asilimia, faida na hasara, GeoGebra haina la maana la kukupa. Usiilazimishe.

Kuhusu vishikwambi: walimu wengi wanavyo vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa shuleni. GeoGebra ya Android inawekwa mara moja kwenye Wi-Fi na kufanya kazi bila mtandao. Kishikwambi ni kizuri kwa mwalimu kujiandaa nyumbani, au kwa kundi la wanafunzi wanne. Zaidi ya hapo kidole kinaficha nukta kinayoiburuta. Kabla ya kununua kebo ya kukiunganisha na projekta, hakikisha tundu la kishikwambi linatoa picha. Mengi ya bei nafuu huchaji na kuhamisha faili tu, na kebo itakuwa imeliwa bure.

Desmos, programu nyingine ya grafu, ina grafu safi kuliko GeoGebra, tukubali. Ila shughuli zake za darasani, ambazo ndizo uhondo wake, zinataka intaneti muda wote.

Kompyuta moja, wanafunzi sabini

Utaratibu unaofanya kazi ni wa watu wawili mbele. Mmoja ameshika kipanya, haruhusiwi kuamua chochote. Wa pili amesimama akitazama darasa, na ndiye anayetoa amri: "buruta B mpaka pembe ifike 90." Akisema "sogeza hiyo kitu hapo," wa kwanza asimsikilize. Lugha ya hesabu inalazimika kutoka mdomoni. Wengine wote wana daftari lenye safu tatu: nilibashiri, niliona, kwa nini. Badilisha jozi kila dakika tano. Safu ya tatu ndiyo ya kusahihisha, na ndiyo ushahidi wa kiwango cha mawasiliano na cha ujenzi wa maarifa ukitakiwa kuuonyesha.

Panga somo la namna hii kwenye vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80. Kwenye kipindi kimoja, kuwasha projekta, kutafuta kebo na kufunga madirisha hula robo ya muda.

LibreOffice Calc

Lahajedwali haipendezi machoni, na labda ndiyo sababu walimu wa hesabu wameiachia somo la kompyuta. Wamekosea. Kwa takwimu, asilimia, uwiano na hata mwanzo wa aljebra, ni chombo bora kuliko GeoGebra, na ndicho mwanafunzi atakachokikuta kazini.

Wape kazi ya bei ya dagaa. Kila mwanafunzi aandike bei ya sado moja kwenye genge la jirani na kwao, Igoma, Mkolani, Kirumba, popote, mara moja kwa wiki. Safu A tarehe, safu B mtaa, safu C bei. Zikifika ishirini, andika =AVERAGE(C2:C21) na =MEDIAN(C2:C21).

Sasa tazama yatakayotokea. Nusu ya darasa wataandika bei kama wanavyoiona sokoni: 2,500/= yenye mkia wake. Calc itaichukua kuwa maandishi, na AVERAGE huruka maandishi kimyakimya. Kama zote zimeandikwa hivyo, utapata kosa la kugawanya kwa sifuri, ambalo afadhali linapiga kelele. Kama ni tano tu kati ya ishirini, utapata wastani wa zile kumi na tano bila onyo lolote. Namna ya kugundua ni rahisi: namba hukaa upande wa kulia wa seli, maandishi kushoto. Mwanafunzi akague safu kwa macho kabla ya kuamini fomula. Ongeza =COUNT(C2:C21) chini yake; ikitoa 15 badala ya 20, kuna seli zimeachwa.

Kosa la pili ni sifuri iliyozidi. Bei kumi na tisa za 2,500 na moja iliyoandikwa 25,000 kwa bahati mbaya zinatoa wastani wa 3,625, ilhali kipimo cha kati (MEDIAN) kinabaki 2,500. Hakuna maelezo ya ubaoni yanayoonyesha tofauti ya wastani na kipimo cha kati kwa uwazi wa kiasi hiki, na limetoka kwenye kidole cha mwanafunzi mwenyewe.

La tatu ni la grafu. Calc ikiachiwa ichague mwanzo wa mhimili, inaweza kuanza 2,300. Nguzo ya 2,400 itakuwa na kimo cha 100, ya 2,600 kimo cha 300, na jicho litasema bei imepanda mara tatu. Ukweli ni asilimia 8 na kidogo. Watengeneze grafu zote mbili, yenye mhimili unaoanza sifuri na isiyoanza sifuri, wazichapishe upande kwa upande, wajibu swali: muuzaji angebandika ipi ukutani, na mnunuzi ipi? Kipengele cha uraia wa kidijitali kwenye viwango, ambacho wengi hukigeuza mahubiri ya kutoangalia picha mbaya, hapa kimekuwa hesabu.

Ubaya wa Calc: fomula ikinakiliwa chini, anwani za seli huhama nazo. Kiwango cha asilimia kilichowekwa kwenye E1 lazima kiandikwe $E$1, la sivyo mstari wa pili utatafuta E2, seli tupu, na kutoa sifuri. Na kompyuta mbili kwa wanafunzi sabini hazitoshi kwa kazi hii. Hapa kila watatu wanahitaji mashine yao, hata ikibidi kwa zamu.

Kolibri

Kolibri, ya shirika la Learning Equality, ni maktaba ya video na mazoezi inayokaa kwenye kompyuta moja ya shule na kugawiwa nyingine kwa Wi-Fi ya ndani, bila intaneti. Sura yake ipo kwa Kiswahili. Maudhui huja kwa chaneli, yaani mafungu ya masomo. Ya hesabu inayotumika zaidi ni ya Khan Academy.

Kuiweka si kazi ngumu, mradi ufuate mpangilio. Tafuta kompyuta yenye RAM ya GB 4, au Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) yenye kadi ya GB 64 na chaja ya volti 5, ampea 3. Chaja ya simu ya kawaida huifanya ijizime yenyewe. Sakinisha, tengeneza akaunti ya msimamizi. Ukiwa mahali penye Wi-Fi nzuri, ingia sehemu ya chaneli, na usipakue chaneli nzima, ni mzigo wa gigabaiti nyingi mno. Weka alama kwenye mada unazozihitaji muhula huu: namba hasi, sehemu, uwiano, milinganyo. Toa nakala kwenye diski ya nje ili shule nyingine isirudie upakuaji. Unganisha kompyuta hiyo na rauta yoyote, hata isiyo na laini, na kompyuta za wanafunzi zifungue kwenye kivinjari anwani ya seva ikifuatiwa na :8080.

Ukurasa usipofunguka, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu. Kinga ya Windows (firewall) imezuia Kolibri. Iruhusu kwenye mtandao wa ndani. Anwani ya seva imebadilika baada ya rauta kuzimwa. Ifunge iwe moja ya kudumu kwenye mipangilio ya rauta. Kishikwambi kimeona Wi-Fi haina intaneti, kikahamia data ya laini. Zima data, chagua kubaki kwenye Wi-Fi.

Uzuri wake uko kwenye ripoti ya mwalimu. Baada ya dakika ishirini za zoezi unaona swali gani limewaangusha wengi, na kesho yake unaanzia hapo badala ya kurudia mada nzima. Kwa darasa kubwa, hicho ni kitu ambacho madaftari sabini hayakupi usiku mmoja.

Ubaya wake ni mwingi zaidi. Mazoezi hukagua jibu la mwisho, hayaoni njia, wakati mitihani yetu hufanywa kwa kalamu na njia ina alama zake. Sharti liwe: hakuna jibu linaloingia kwenye kompyuta kabla ya njia kuandikwa daftarini. Mifano imejaa maili, futi na dola. Mpangilio wa mada ni wa Marekani, kwa hiyo mwanafunzi akiachiwa aranderande atapotea. Mwalimu ajenge somo lenye video moja na mazoezi mawili, asiongeze. Video yenyewe ionyeshwe mara moja kwa projekta, maana mashine ishirini zikiivuta kwa pamoja kwenye rauta ya bei nafuu, zote hukwama.

Akaunti za wanafunzi zisiwe na majina kamili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, namba ya orodha ya darasa inatosha. Kolibri inaruhusu mwanafunzi kuingia bila nenosiri. Inaokoa muda, lakini siku ya jaribio weka nenosiri, kwa sababu mtoto kufanya zoezi kwa akaunti ya jirani ni mchezo wa sekunde tatu.

Na umeme. Raspberry Pi ikikatiwa umeme ghafla inaweza kuharibu kadi yake. Iweke kwenye power bank ya mAh 20,000, ambayo kwa matumizi ya wati kama 5 huikimbiza siku nzima ya shule. Pi 4 haina betri ya saa, hivyo bila intaneti huamka na tarehe isiyo sahihi, na ripoti zako zitaonyesha mazoezi yaliyofanywa siku ambayo shule ilikuwa imefungwa. Mlezi wa mtambo aangalie tarehe kila asubuhi.

Ukiwa na fedha kidogo

Usianze na vishikwambi ishirini. Anza na projekta ya lumeni 3,000 au zaidi na kebo ya HDMI ya mita 10, ili mwalimu asisimame mbele ya mwanga. Kwa umeme, projekta ya wati 250 na betri ya volti 12, Ah 100, ukitumia nusu tu ya betri ili isife mapema, unapata saa mbili au chini kidogo, kwa kuwa inveta nayo inakula chake. Vipindi viwili viwili, mara moja kwa siku, vinatosha humo.

Ukienda dukani mjini kuchagua projekta, nenda na kompyuta ya shule yenye GeoGebra. Mwombe muuzaji aimulike ukutani mlango ukiwa wazi na taa zimewashwa. Rudi nyuma hatua nane. Mistari ya gridi ikipotea, ongeza unene wa mihimili na rangi ya gridi kwenye mipangilio, tazama tena. Ikipotea bado, mwambie ashushe nyingine.